SOMO: Usiku wa kwanza ulale wapi kabla ya kuanza kutembea kwenda Santiago (kwa wanaoanzia Saint-Jean)

Wiki hii pekee nimeulizwa mara tano, "Dada, kule Saint-Jean nilale wapi?" Kila mmoja nimemjibu kivyake, na wawili wamerudi kuniuliza yale yale. Naandika mara moja, basi. Atakayeniuliza tena faraghani nitamrudisha hapa, asinune.

Kwa wasioijua: ni hija ya kutembea hadi kwenye kaburi la Mtakatifu Yakobo, Santiago de Compostela, Hispania. Wengi wanaotaka safari ndefu huanzia Saint-Jean-Pied-de-Port, kamji ka Wabaski upande wa Ufaransa, chini kabisa ya milima ya Pirenei. Kutoka hapo ni karibu kilomita 780. Nimeanzia hapo mara mbili, Septemba 2018 na Mei 2023. Ya kwanza niliiharibu mwenyewe, mtaona.

HATUA YA 1. Hakikisha kweli unaanzia Saint-Jean. Mwenye likizo ya siku nane anaanzia Sarria, kilomita 115 hivi kutoka Santiago, na somo hili si lake.

HATUA YA 2. Kata tiketi ya treni kwanza, kitanda baadaye. Paris hadi Bayonne ni kama saa nne kwa treni ya kasi, kisha unabadilisha treni ndogo inayopanda kando ya mto Nive, saa moja hivi. Ukiona utafika Bayonne usiku, lala Bayonne, panda asubuhi. Hakuna anayekukimbiza.

HATUA YA 3. Andika jina LOTE la mji.

Hapa ndipo nilipoangukia. Mwaka 2018 niliandika "Saint-Jean" kwenye simu, ikaniletea chumba kizuri, bei ya kutupa, na picha ya bahari dirishani. Bahari! Milimani na bahari wapi na wapi? Lakini jicho likishaona bei halisomi kitu kingine. Nikalipa, tena ile bei ambayo ukighairi hurudishiwi senti. Kumbe ni Saint-Jean-de-Luz, mji wa pwani, nao ni wa Wabaski, nao treni yake inapita Bayonne. Niligundua nikiwa kituoni Bayonne, nilipomwonyesha karani simu anielekeze treni ya kupanda. Akaitazama simu, akatazama viatu vyangu na fimbo, akauliza, "Hujaji?" Nikaitikia. Akatikisa kichwa polepole, kama daktari mwenye majibu mabaya.

Nilifika Saint-Jean ya kweli saa tatu na nusu usiku, mvua inanyesha. Kengele ya kwanza: pamejaa. Ya pili: pamejaa. Ya tatu: kimya. Mlango wa nne mama mmoja mzee akanionea huruma, akanitandikia godoro kwenye korido, kati ya mlango wa choo na rafu ya viatu. Sasa elewa, Saint-Jean wapo wanaoanza safari, na wapo waliofika kwa miguu kutoka Le Puy, mji wa Ufaransa kwenyewe, wiki nne nzima na zaidi barabarani. Rafu ile ilikuwa na viatu vyao. Sikupata hata lepe la usingizi. Kesho yake nilipanda mlima nikiwa kama mtu aliyetoka matangani, nikafika Roncesvalles, kituo cha kwanza upande wa Hispania, saa kumi na mbili jioni.

Kwa hiyo:
– Angalia msimbo wa posta. Saint-Jean-Pied-de-Port ni 64220. Ukiona namba nyingine, acha.
– Fungua ramani. Ukiona bahari karibu, umepotea.
– Chagua pale ambapo unaweza kughairi bila kulipa, hata kama bei imezidi kidogo.
– Soma saa ya mwisho ya kupokelewa. Wanaandika kwa saa 24. Na mlango ukishafungwa usiku, umefungwa.

HATUA YA 4. Chagua kitanda kwa kufikiria asubuhi, si jioni.

Watu wanachagua kwa kuangalia picha za shuka. Shuka utalala nazo saa saba tu. Kinachokusubiri ni siku ngumu kuliko karibu zote za njia hii: unatoka mita 170 juu ya usawa wa bahari, unapanda mpaka zaidi ya 1,400, halafu unashuka Roncesvalles, jumla kilomita 25 hivi. Aliyewahi kupanda kwa miguu kutoka Mombo hadi Lushoto ana picha, ila huku ukali wake umerundikwa mwanzoni, kabla mwili haujapata moto.

Ndiyo maana nasema lala ndani ya mji mkongwe. Barabara ya mawe inaitwa rue de la Citadelle, inateremka hadi kanisani, unavuka daraja la Nive, inakuwa rue d'Espagne, na hiyo hiyo ndiyo njia ya mlimani. Ukilala hapo unafungua mlango na hija imeanza. Nyumba ya "kilomita nne tu kutoka mjini" ni nafuu kwa mwenye gari. Wewe utazitembea hizo nne gizani kabla ya kuanza zile 25.

Hosteli ya manispaa iko juu kwenye rue de la Citadelle. Ni ya bei nafuu na mara zote mbili nilikuta anayewahi ndiye anayepata, hakuna kushikiwa nafasi. Inafaa kwa anayefika mchana. Hosteli za watu binafsi ziko barabara hiyo hiyo: vitanda vya dabo deka, unaweka nafasi mapema, nyingi wanapika chakula cha jioni mnakula meza moja. Mimi nazipenda hizi, kwa sababu mezani ndipo unapowapata watu utakaokutana nao wiki tano mbele. Vyumba vya wageni na hoteli ni kwa wanaokoroma na wanaochukia wanaokoroma.

Halafu kuna Orisson. Hii ni nyumba ya mahujaji mlimani, kilomita 8 hivi kutoka mjini, zote za kupanda. Ukilala huko unaigawa siku ngumu mara mbili: leo 8, kesho 17. Kwa mwenye magoti mabovu, au aliyepita miaka hamsini na hajafanya mazoezi, naisifia bila kusita. Ila vitanda ni vichache na watu wanaanza kuviwinda miezi kabla. Usipande mpaka pale ukitumaini huruma. Ukikosa, utaendelea mbele au utarudi chini.

HATUA YA 5. Angalia kalenda. Njia ya juu, wanayoiita ya Napoleon, inafungwa kuanzia 1 Novemba hadi 31 Machi kwa sababu ya theluji. Miezi hiyo unapita bondeni, Valcarlos. Mei na Septemba mji unafurika, na Mei ina sikukuu za Wafaransa zinazofuatana, kwa hiyo mnagombania vitanda na watalii pia. Na 2027 ni Mwaka Mtakatifu wa Yakobo, maana 25 Julai inaangukia Jumapili. Wa mwaka huo msiseme sikuwaambia.

HATUA YA 6. Ukishatua mzigo, nenda ofisi ya mahujaji, namba 39 rue de la Citadelle. Chukua pasi ya hujaji, kile kijitabu cha kugongewa mihuri njiani, gonga muhuri wa kwanza, uliza hali ya hewa ya mlimani.

HATUA YA 7. Weka pia kitanda cha Roncesvalles. Hosteli ya pale ina vitanda 183, na bado Mei inajaa.

MASWALI

Kiatu Kimoja: Somo zuri. Kwa hiyo nilale wapi?

Mama Koku (mwandishi): Hatua ya 4.

Kiatu Kimoja: Nimesoma dada, taja hoteli moja tu nimalize.

Mama Koku: Sitaji. Unaenda lini? Treni yako inafika saa ngapi? Unakoroma?

Kiatu Kimoja: Bado sijajua.

Mama Koku: Basi na mimi sijajua.

Binti Rombo: Shikamoo dada. Mimi niko Dar, nahitaji viza. Wanataka uthibitisho wa malazi. Sasa hizi hosteli za manispaa zisizoshika nafasi nitazithibitishaje? Na kwa kuwa natua Paris na kulala kwanza Ufaransa, naomba viza ya Ufaransa?

Mama Koku: Marahaba mdogo wangu, maswali kama haya ndiyo nayataka. Anza na la pili. Viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, unaiomba nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Wewe utalala Ufaransa siku mbili, Hispania zaidi ya thelathini. Maombi ni Hispania, hata kama mlango wako ni Paris. Watu wanakwama hapa.
La malazi: binamu yangu alitoka Bukoba 2023 tukatembea wote. Tuliandaa orodha ya kila usiku, tarehe, mji na umbali, tukachagua hosteli binafsi zinazoshika nafasi na kuruhusu kughairi. Hizi za manispaa hatukuziweka kwenye karatasi, tukazitumia njiani pale tulipobadili mpango. Usitengeneze nafasi za uongo. Na bima ya matibabu isipungue euro 30,000, hilo ni sharti.
Kitu kingine ambacho hukuuliza: usijaze kila usiku kwa hoteli isiyoghairiwa ili kuwaridhisha. Siku ya nne malengelenge yatakupangia ratiba mpya.

Binti Rombo: Nimekuelewa mno. Malengelenge mnayatibuje?

Mama Koku: Yanazuiwa. Ukihisi joto sehemu moja ya mguu, simama hapo hapo, vua kiatu, bandika plasta. Usiseme "nikifika kile kijiji."

Fundi Saa: Wameniandikia mwisho wa kupokelewa 19:00. Hiyo si saa tisa usiku?

Mama Koku: Saa moja jioni. Toa 12 ubaki na 7, kisha hesabu kama unavyoisoma saa ya ukutani kwenu. Na uwapigie kama utachelewa, wengi wanauza kitanda chako.

Mkongwe wa Njia: Naona mnafundishana utalii. Hujaji wa kweli analala popote. Sisi tunaoenda kuhiji Namugongo, Uganda, kwa 3 Juni tunalala chini, madarasani, na hatujawahi kuulizia msimbo wa posta.

Mama Koku: Nimelala koridoni karibu na choo, mzee wangu, nadhani nimelipa ada. Namugongo parokia zinawapokea kundi zima, mna kiongozi na gari la mizigo. Hapa mtu anakuja peke yake, lugha haijui, usiku, kwenye baridi ya mlimani. Kumwambia atalala popote si imani, ni kumtelekeza.

Mkongwe wa Njia: Sawa, sikuwa na nia mbaya.

Mama Koku: Najua. Hebu tuambie, mnalindaje miguu na lami ya moto?

Mtembezi wa Kisumu: Wacha nimjibie mzee. Sisi huanza saa kumi alfajiri, saa tano tumeshapumzika kivulini, tunaendelea jioni. Soksi mbili, ya ndani nyepesi. Na usioge miguu na maji moto usiku, ngozi inalainika sana.

Mama Koku: Hiyo ya soksi ninaichukua. Ya kuanza alfajiri itakufaa kule uwanda wa Meseta wakati wa joto. Pirenei usiianze gizani, ukungu unapoteza watu.

Zuhura T.: Mimi ni Muislamu, napenda tu kutembea, kuna rafiki yangu ananishawishi. Hizo hosteli watanikubali? Na chakula?

Mama Koku: Karibu sana. Pasi ya hujaji haiulizi cheti cha ubatizo, na njiani utakuta wasio na dini kabisa. Chakula ndicho cha kuangalia: Wabaski na Wahispania nguruwe wanamtia hata kwenye maharage. Waandikie siku unapoweka nafasi, siyo ukishakaa mezani. Ukiomba chumba cha vitanda vichache utapata pa kuswali bila kuwaamsha watu. Misa ya jioni Roncesvalles ni hiari, ila wengi wa dini zote hukaa nyuma kusikiliza.

Zuhura T.: Ahsante. Na kunguni? Nimesikia.

Mama Koku: Wapo njia nzima, hata hoteli za ghali. Ukifika, begi liache sakafuni, lisiguse kitanda. Washa tochi ya simu, kunja ukingo wa godoro, angalia kwenye mishono na kwenye pembe za chaga. Vidoa vyeusi kama wino uliodondoka, omba kitanda kingine kwa upole. Mfuko wako wa kulalia usimwazime mtu.

Kiatu Kimoja: Nimerudi. Tiketi nimekata. 12 Mei, nafika Saint-Jean 16:40.

Mama Koku: Hongera. Swali la tatu hujajibu.

Kiatu Kimoja: Mke wangu anasema nakoroma kama mashine ya kusaga.

Mama Koku: Chukua chumba cha peke yako, rue d'Espagne, ng'ambo ya daraja, uwe umeshapunguza hatua za asubuhi. Weka nafasi leo, maana Mei inajaa. Jina la mji umeandika lote?

Kiatu Kimoja: Ngoja niangalie.