Mambo ya kuweka sawa kabla mwanafunzi wa kidato cha sita hajatafuta kazi

Hapa Tanzania, mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, matokeo hutoka Julai, na vyuo vikuu hufunguliwa miezi kadhaa baadaye. Wapo wanaoitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mafunzo ya mujibu wa sheria, lakini hata hao hubaki na muda. Familia nyingi huumaliza muda huo zikisubiri matokeo na mkopo wa chuo. Ningeomba wazazi na walimu wenzangu tuutumie kumwandaa kijana kwa kazi, awe anakwenda chuo au la.

Kwanza ni majina. Tandazeni mezani cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, kama anayo, kisha msome herufi kwa herufi. Huku Mohamed, kule Muhammad. Huku majina mawili, kule matatu. Wakati mwingine hata mwaka wa kuzaliwa umepishana. Shuleni hakuna aliyejali kwa sababu mwalimu alimjua kwa sura, lakini mwajiri ana karatasi tu, na karatasi zikipingana ataita mwombaji mwingine. Tofauti ndogo ya tahajia mara nyingi hutatuliwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Kubadili jina lenyewe kuna taratibu zake ndefu zaidi. Yote yanawezekana, mradi yaanze mapema, maana nimeona vijana wengi wakigundua kasoro hizi wiki ya usaili.

Nyaraka hizi zinabebana. Bila cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa kinasumbua kupata. Bila namba ya NIDA, ambayo mtu anaiomba akitimiza miaka 18, hapati TIN, yaani namba ya mlipakodi ya Mamlaka ya Mapato (TRA), wala laini ya simu kwa jina lake, na benki nayo itamrudisha. Akishazipata, zipigwe skani zote na ziwekwe kwenye barua pepe yenye jina lake halisi, ambayo nywila yake anaijua mwenyewe, si kaka wa kwenye steshenari aliyemfungulia.

Sasa kazi yenyewe. Tahasusi za masomo kama PCB, EGM au HGL zinampa mtoto akili ya kufikiri, ila hazimfundishi kufunga hesabu ya jioni. Mtafutie mahali pa kushika kazi ya kweli: duka la vifaa vya ujenzi, karakana, saluni, ofisi ya ndugu, au kozi fupi ya ufundi ya VETA kama uwezo upo. Mshahara si hoja kubwa kwa kipindi hiki, nauli na chakula vinatosha. Cha kuangalia ni hiki: anafungua saa moja na nusu aliyoambiwa, au saa mbili? Anahesabu chenji mbele ya mteja? Jioni, fedha taslimu na zilizoingia kwenye simu zikijumlishwa na kupungua 2,000 kulinganisha na daftari, anasema mwenyewe au anangoja aulizwe? Mimi naliona hilo la mwisho kuwa na uzito kuliko mengine yote. Tajiri aliyeletewa upungufu kabla hajauona atamwamini kijana huyo na ufunguo, na kesho ndiye atakayekubali kuwa mdhamini kwenye wasifu wake.

Wasifu wenyewe uwe ukurasa mmoja. Kwa umri huo hana mengi, na hakuna aibu katika hilo. Miezi miwili dukani iandikwe kama ilivyokuwa, na alichokuwa akifanya pale. Wadhamini waombwe ruhusa kabla namba zao hazijaandikwa. Mazoezi ya usaili afanye na shangazi au jirani anayemheshimu kidogo, kwa sauti, akiwa amekaa kwenye kiti, kwa sababu mbele ya mama atacheka.

Mfundishe pia haki zake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe maelezo ya kazi kwa maandishi: kazi gani, wapi, saa ngapi, malipo kiasi gani. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki. Katika sekta binafsi, michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na anayoweza kukatwa mfanyakazi haizidi asilimia 10. Kijana anayeyajua haya anauliza kwa adabu siku ya kwanza, badala ya kunung'unika mwezi wa sita.

Na matapeli wapo, hasa kwa wanaomaliza shule. Kuomba kazi serikalini kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira ni bure. Yeyote anayetaka hela ya fomu, ya sare au ya "kushughulikia jina", kijana asimtumie hata shilingi, na ujumbe huo awaonyeshe nyumbani kabla hajaujibu.