Namna ya kupiga picha kwenye tamasha la roki nzito na kulikumbuka baadaye

Katika matamasha makubwa ya roki nzito huko Ulaya na Marekani, mpiga picha mwenye kibali husimama kwenye ujia ulio kati ya jukwaa na uzio, na kwa desturi hupewa nyimbo tatu za mwanzo tu, bila flashi, kisha walinzi humtoa. Mtazamaji aliyelipa kiingilio husimama mbali zaidi, na kumbi nyingi humzuia kuingia na kamera yenye lenzi ya kubadilishwa, lakini yeye hubaki hadi mwisho, na mara nyingi mwishoni ndiko makubwa yaliko. Mpiga gitaa Jimi Hendrix alipolichoma moto gitaa lake kwenye tamasha la Monterey, California, mwaka 1967, alikuwa anafunga onyesho, na picha inayojulikana zaidi ya tukio hilo ilipigwa na Ed Caraeff, kijana wa miaka 17 aliyekuwa amesimama juu ya kiti karibu na jukwaa. Kwa hiyo mwenye simu tu asijione mnyonge, mradi ajue anachokitafuta.

Bendi kubwa hurudia onyesho karibu lilelile mji baada ya mji, hivyo video za awali za ziara hiyo zitakuonyesha moto utalipuka wapi na mpiga gitaa la solo hukimbilia upande gani. Anayekwenda kuwaona bendi ya AC/DC, kwa mfano, anatarajia kwamba mpiga gitaa wao Angus Young, akiwa na kaptura na sare yake ya shule, atavuka jukwaa akirukaruka, na kwamba mizinga itasikika karibu na mwisho, kwa hiyo huiandaa simu mapema badala ya kuipapasa mfukoni wakati mlio wa kwanza umeshapita. Ukifika ukumbini, usisimame sawasawa mbele ya mwimbaji, kwa sababu maikrofoni itamziba mdomo katika kila picha. Sogea pembeni kidogo.

Kwa mwenye kamera, anza na kasi ya shata ya 1/250 ya sekunde kwa mwimbaji aliyetulia na 1/500 kwa anayeruka au kutikisa nywele, fungua tundu la lenzi hadi f/2.8 ikiwezekana ili mwanga mwingi uingie, na uache ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, ipande kati ya 1600 na 6400, kwani chengachenga huvumilika kuliko sura iliyovurugika. Pima mwanga usoni, wala si kwenye jukwaa zima lenye giza, na uhifadhi picha kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Adui mkubwa ni taa nyekundu za LED: hujaza rangi moja tu kwenye kihisi cha kamera, na uso unabaki kama doa lisilo na pua wala macho. Punguza mwanga wa picha, subiri taa nyeupe ipite, au kubali kuigeuza iwe nyeusi na nyeupe. Miale ya leza iepuke kabisa, maana inaweza kuunguza kihisi.

Mwenye simu afute lenzi kwanza, abonyeze na kushikilia uso wa mwanamuziki hadi fokasi ijifunge, kisha ashushe mwanga kidogo kwa kidole. Zumu ya kidijitali haisaidii kitu. Na tableti iliyoinuliwa juu ya vichwa vya watu ni kero tupu.

Mwaka 2014 mwanasaikolojia Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield, Marekani, alichapisha utafiti uliofanyika kwenye jumba la makumbusho. Washiriki walivikumbuka vibaya zaidi vitu walivyovipiga picha vikiwa vizima kuliko vile walivyovitazama tu, lakini walipovuta karibu sehemu moja ya kitu, kumbukumbu yao haikupungua. Makumbusho si tamasha, ila mimi naona somo lake linafaa hapa: piga rangi iliyochubuka kwenye gitaa, karatasi ya orodha ya nyimbo iliyobandikwa sakafuni, kiatu kilichokanyaga pedali, kisha uirudishe simu mfukoni kwa nyimbo kadhaa na usikilize. Vaa vizibo vya masikio, kwani kwa mwongozo wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, sauti ya desibeli 100 haifai kusikilizwa zaidi ya dakika 15 kwa siku, na karibu na spika kiwango hicho hupitwa kwa urahisi.

Usiku huohuo, kabla ya kulala, andika mpangilio wa nyimbo kadiri unavyoukumbuka, maneno ya mwimbaji kati ya nyimbo, mlikuwa nani na nani, na wimbo ulioharibiwa na mitambo. Picha haitakuambia hayo. Yape mafaili majina yenye tarehe, bendi na mji, chagua machache ya kuchapisha, na weka nakala mahali pawili tofauti. Tiketi nyingi za karatasi huchapishwa kwenye karatasi inayobadilika rangi kwa joto, ambayo maandishi yake hufifia, kwa hiyo iskani mapema, na usiipeleke kwa wenye mashine ya lamineti, maana joto lake litaigeuza yote kuwa nyeusi.