Ukinunua mchele Tanga, omba cheti kabla ya kuvuka

Kwa wenzangu wa Mombasa mnaovuka feri ya Likoni kwenda Tanga kutafuta mchele wa Mbeya, maharage au machungwa ya Muheza kwa bei nafuu: mkirudi, msivuke mpaka wa Horohoro kabla ya kumwomba afisa wa forodha wa Tanzania cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Cheti hiki kinathibitisha kwamba mali imezalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo haitozwi ushuru wa forodha inapoingia Kenya. Kimewekwa kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo hasa, na kinafaa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani. Wengi wetu hatukijui, tunaishia kubishana Lunga Lunga, upande wa Kenya, au, vibaya zaidi, kumpa mtu wa njia za panya magunia yetu. Usifanye hivyo, mama. Mali ikikamatwa huko huna pa kudai.

Hakikisha bidhaa yako imo kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa kwa cheti hiki. Uliza pale pale mpakani. Chukua risiti dukani, ndiyo inayoonyesha thamani.

Cheti hiki hakisaidii mchele wa Pakistan au Thailand, hata kama umeununua Tanga sokoni, maana haukulimwa kwetu. Wala hakiondoi ukaguzi wa mazao wala kodi nyingine zisizo za forodha. Na kwa kilo kumi tu, nauli itameza faida yote, nunua soko la Kongowea, hapa hapa Mombasa.