Kusaka insulinoma: jinsi ya kusimamia mfungo wa saa 72

Nimeuandika mwongozo huu baada ya kumwelekeza daktari mwenzangu. Mgonjwa wake huchanganyikiwa akikaa muda mrefu bila kula, lakini CT haikuonyesha kitu. Insulinoma nyingi (uvimbe wa kongosho unaomwaga insulini) hazifiki sentimita 2, kwa hiyo anza na damu, picha baadaye.

Hatua ya 1: Mlaze wodini, andika saa aliyokula mara ya mwisho. Maji ruhusa. Mchana atembeetembee.

Hatua ya 2: Weka kanula. Chukua damu kila baada ya saa 6. Sukari ikishuka chini ya 3.3 mmol/L, kila baada ya saa 1 au 2.

Hatua ya 3: Hapa ndipo mifungo mingi huharibika. Usisitishe mfungo kwa namba ya glukomita (kipima sukari cha kidoleni), maana sukari ikiwa chini kifaa hicho hukosea sana. Kikushtue tu, uamuzi utoke maabara. Sitisha sukari ikifika 2.5 mmol/L au chini na dalili zipo: jasho, kutetemeka, kushindwa hesabu rahisi ya kutoa. Kisha, kabla hujampa sukari, chukua damu ya glukosi, insulini, C-peptidi (hutoka pamoja na insulini ya mwili wenyewe), proinsulini (insulini kabla haijakamilika), ketoni na kipimo cha dawa za salfonilurea (vidonge vya kisukari vinavyochochea insulini), vyote kwa mkupuo mmoja. Ukitanguliza sukari, kongosho lolote zima litamwaga insulini na majibu hayatakuwa na maana. Ndiyo maana nasisitiza chupa ziandikwe majina mapema na ziwe kando ya kitanda. Akipata degedege, usihangaike na chupa: mpe glukosi mara moja. Chupa ya damu ya kupimia glukosi iwe na floraidi, la sivyo chembe za damu zitaendelea kuila sukari njiani. Chembe nyekundu zikipasuka, insulini huharibika. Chukua damu nyingine.

Hatua ya 4: Glukagoni (homoni inayopandisha sukari) miligramu 1 kwenye mshipa, pima sukari kwa dakika 30, kisha ale.

Hatua ya 5: Sukari ikiwa chini ya 3.0, insulini µU/mL 3 au zaidi na C-peptidi 0.2 nmol/L au zaidi, mwili wenyewe unatoa insulini isiyotakiwa. Insulini juu na C-peptidi chini ni sindano ya insulini. Zote juu na salfonilurea imeonekana, ni vidonge. Haikuonekana, na kingamwili za insulini hazipo? Sasa omba picha. CT ikiwa haijaonyesha kitu, mimi huchagua ultrasaundi ya endoskopi, kwa kuwa hulichunguza kongosho kwa karibu kutoka ndani ya tumbo.