Kushika zamu na Mungu: maelekezo ya mlinzi wa usiku

Nalinda yadi ya mbao Kizota, hapa Dodoma, huu ni mwaka wa kumi na moja. Naingia lindo saa 12 jioni, natoka saa 12 asubuhi. Nasema mapema ili usije ukadhani anayeandika ni mchungaji. Mimi ni Mwanglikana wa benchi la nyuma, na kwa miaka mingi nilikuwa Mkristo wa Jumapili tu. Jumatatu hadi Jumamosi mimi na Mungu hatukusalimiana. Juzi kijana mmoja wa kwaya alinisimamisha nje ya kanisa: "Shikamoo mzee, hivi mtu anasalije kila siku bila kuacha baada ya wiki?" Haya ndiyo niliyomjibu, pamoja na yale niliyoyakumbuka nikiwa nimeshafika nyumbani.

Anza na saa, usianze na hamu. Hamu ya kusali hunijia baada ya mkesha au semina, inakaa siku nne, inaondoka bila kuaga. Kilichoniokoa ni saa. Mwenzangu wa lindo ni Mwislamu. Sijawahi kumwona akingoja ajisikie: wakati ukifika anachukua maji kwenye kopo, anatawadha nyuma ya kibanda, anaswali, anarudi tunaendelea na stori zetu. Na mimi, niliyejiita nimeokoka, nilikuwa pale pale nacheza gemu kwenye simu. Iliniuma. Baadaye nikasoma kwamba Danieli naye alikuwa na saa zake, mara tatu kwa siku, madirisha yameelekea Yerusalemu, hata baada ya mfalme kuamuru kwamba atakayemwomba yeyote ila yeye atupwe kwenye tundu la simba (Danieli 6:10). Hakuanza kusali kwa sababu ya simba. Aliendelea tu na alichokizoea.

Kwa hiyo tafuta jambo unalolifanya kila siku hata iweje, uyafunge maombi hapo kama unavyomfunga mbuzi kwenye mti. Langu ni mzunguko wa saa 8 usiku: nikimaliza kukagua uzio na kusaini kitabu, nasali. Lako linaweza kuwa kusubiri chai ichemke, au zile dakika daladala ya Mtumba inapongoja kujaa. Dakika kumi zinatosha. Usimwahidi Mungu saa nzima, utakuwa mdaiwa kabla ya Ijumaa.

Usingizi ukikubana, simama. Mimi husali nikitembea, kwa sauti ya chini, na upepo wa Dodoma wa mwezi wa sita na wa saba hauniachi nisinzie.

Sasa utasema nini? Hapa ndipo wengi tunakwama, maana tumezoea kuingia na orodha ya shida: ada, kodi ya nyumba, homa ya mtoto, amina. Mama yangu, Mgogo wa Mvumi, alinifundisha bila kujua. Salamu zake zilikuwa ndefu. Jirani akipiga hodi hakumuuliza shida yake kwanza. Aliuliza watoto, akauliza ng'ombe, akauliza kama kwao mvua imenyesha, akarudi tena kwa watoto. Shida ilikuja mwishoni, tena mara nyingine wakati huo ilishapungua ukubwa. Nasali hivyo. Namweleza Mungu siku yangu kwa mpangilio: nimeamka vipi, nimekula nini, nani kanikera, wapi nimedanganya. Namshukuru kwa kitu chenye jina, kwa mfano ugali wa uwele na mlenda aliouacha mke wangu kwenye hotpoti. Shukrani ya jumla jumla haina ladha. Kisha ndiyo naomba. Na jambo likiwa zito naliombea kwa Kigogo, namwita Mulungu, kwa sababu Kiswahili changu cha maombi nimekiazima kwa wahubiri na kinanitoka kabla sijafikiri. Omba kwa lugha uliyolilia ukiwa mtoto.

Kusoma. Usifungue Biblia popote ukategemea Roho akuelekeze ukurasa. Nilifanya hivyo nikaangukia Mambo ya Nyakati ya Kwanza, sura tisa za majina ya watu, nikafunga. Ukiwa mgeni, chukua Injili ya Marko, ina sura 16 tu, soma kipande kimoja cha habari kwa siku. Lakini mimi ninayekushauri uanzie huko sikuanzia huko. Nilianza na zile zaburi kumi na tano fupi, ya 120 hadi ya 134, nyimbo za kupanda kwenda Yerusalemu. Zaburi moja kwa wiki nzima, ile ile kila usiku.

Usiku wa tatu unachoka nayo, usiku wa tano inaanza kusema. Hebu fikiria nilivyoshtuka kukuta kazi yangu imejaa mle! Ya 121 inasema yeye aliye mlinzi wa Israeli hasinzii wala halali. Niliisoma nikiwa nimetoka kusinzia. Ya 127: "Bwana asipoulinda mji, yeye aulindaye akesha bure." Hiyo sikuipenda, nikaikasirikia wiki nzima. Ya 134 inawaita wanaosimama usiku katika nyumba ya Bwana. Na ya 130, mtu anamngoja Bwana kuliko walinzi waingojavyo asubuhi. Nimesikia mahubiri juu ya mstari huo yakisema mlinzi anangoja kwa hofu. Si kweli. Mlinzi hana shaka kwamba kutakucha. Ila saa 10 usiku miguu inauma, baridi imeingia mifupani, na asubuhi haisogei hata kwa kuitazama saa. Kumngoja Mungu kwangu kuko hivyo: uhakika upo, uchovu nao upo.

Weka daftari. Kazini tuna kitabu cha matukio: saa, kilichotokea, sahihi. Kama hakuna kitu, unaandika "shwari". Nikanunua daftari la kurasa 80 nikalifanya hivyo hivyo. Mstari mmoja kila usiku. Siku nisiposali naandika "sikusali", na sababu. Usilipe deni la jana kwa kusali mara mbili leo, andika, endelea.

Daftari hilo ndilo lililonifichua. Nilipolipitia baada ya miezi mitatu, jina la kaka yangu lilikuwa humo mara kumi na saba, na kila mara nilikuwa namshtaki. Ugomvi wetu ulikuwa mistari michache ya mizabibu aliyotuachia baba kule Mpunguzi. Nilikuwa najua kabisa Mathayo 5 inavyosema: ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka hapo, nenda kapatane kwanza. Ila nilisoma kana kwamba imeandikwa "ukiwa una neno juu yake". Ikageuka. Yeye ndiye aliyekuwa na neno juu yangu. Nilichukua hela za mavuno ya msimu mmoja sikumwambia.

Ukifika hapo, usitume ujumbe wa simu. Nenda. Beba kilo mbili za sukari, fika mchana watu wakiwapo, kosa lako litangulie, na la kwake usilitaje siku hiyo. Nilimkuta anapogoa. Hakunijibu, alinipa mkasi wa pili. Tulipogoa hadi jua likashuka.

Kufunga sina mengi, kazi ya usiku hainiruhusu zaidi ya Ijumaa moja kwa mwezi. Jumapili nenda hata ukichoka. Mimi hutoka lindo moja kwa moja hadi ibada ya kwanza na kiti changu cha nyuma wanakijua.

Kutoka kupogoa hadi kuvuna ni kama miezi minne. Mavuno yalipofika kaka alinitumia ndoo ya zabibu kwa bodaboda, ikanikuta lindoni jioni. Mimi na mwenzangu tulikula, tukapiga stori, mbegu tukitemea nje ya uzio, na nilipotazama simu ilikuwa saa 9 na dakika ishirini. Nikafungua daftari: "Saa 8: sikusali. Nilikuwa nakula zabibu za kaka."