Tazama mdomo kabla hujapandikiza mwatiko

Kuanzia Kilifi na Kwale hadi Tanga, Pemba na Mtwara, lawama ni ile ile. Mfugaji amepandikiza bwawani vifaranga vya samaki aitwaye mwatiko (Chanos chanos), amelisha, amebadilisha maji kila bamvua, yale maji makuu ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, lakini siku ya kuvuna nusu ya samaki hawaonekani. Badala yao wavu unatoa samaki wachache wakubwa, wembamba, wanaong'aa kama fedha. Mwenye bwawa anasema ameibiwa usiku, au ndege mnandi wamemaliza samaki wake. Mara nyingi sivyo. Hao wachache wakubwa ndio waliokula mwatiko, na ni mfugaji mwenyewe aliyewabeba kwenye ndoo kutoka mdomo wa mto.

Kosa ni moja: watu wanamtambua mwatiko kwa mng'ao wake na mkia wake wa panda, basi. Alama hizo hazitoshi. Kwenye vidimbwi vya mikoko wamo samaki wawili wala nyama wenye mng'ao huo huo na mkia huo huo, nao huingia humo wakiwa wadogo kwa sababu zile zile zinazomleta mwatiko: maji yametulia na chakula ni kingi. Wa kwanza ni Elops machnata, wa pili ni Megalops cyprinoides. Nawaandika kwa majina ya kitaalamu kwa makusudi, maana majina ya kienyeji yanabadilika kutoka bandari moja hadi nyingine, na muuza vifaranga akikwambia "hawa wote mwatiko" huna cha kumbishia isipokuwa maumbile ya samaki mwenyewe.

Anza na mdomo. Mwatiko ana mdomo mdogo usio na meno, na taya lake la juu halivuki jicho. Elops ana mdomo mpana. Ukimtazama kwa ubavu, taya la juu linapita chini ya jicho na kuishia nyuma yake. Huhitaji shule kuona hilo, unahitaji mwanga na subira. Megalops naye ana mdomo mkubwa ulioelekea juu, taya la chini limetokeza mbele, na jicho lake ni kubwa kuliko unavyotarajia kwa samaki wa kimo hicho.

Ukibaki na shaka, mgeuze samaki chali akiwa ndani ya maji, utazame koo. Elops na Megalops wote wawili wana kibamba cha mfupa katikati ya mifupa miwili ya taya la chini. Mwatiko hana. Kwa samaki wa sentimita 5 utakiona kwa kioo cha kukuzia, na hiyo ndiyo alama ninayoiamini kuliko zote.

Pezi la chini, lile lililo nyuma ya tundu la haja, nalo linasema mengi. La mwatiko ni fupi, limekaa karibu kabisa na mkia, lina vijiti kama 8 hadi 10. La Megalops ni refu, vijiti vyake vinazidi 20. Magamba pia: kwenye mstari wa ubavuni mwatiko ana magamba madogo 75 hadi 91, Megalops ana makubwa 36 hadi 40 tu. Wengi wameambiwa wamtambue Megalops kwa uzi mrefu unaotoka mwisho wa pezi la mgongoni. Uzi huo upo, lakini kwa kifaranga bado ni mfupi. Usiutegemee.

Mkizi hana shida. Ana mapezi mawili ya mgongoni yaliyoachana, la kwanza likiwa na miiba 4, ilhali mwatiko ana pezi moja lisilo na mwiba. Kichwa chake ni kipana na bapa juu. Hula matope yenye chakula na mwani, anaweza kukaa bwawa moja na mwatiko. Lakini ukikuta samaki mwingine, yule mdogo mwenye michirizi myeusi iliyopinda ubavuni na mwiba kwenye kifuniko cha mashavu, mtoe. Ni mla nyama.

Sasa kupanga vifaranga, na hapa ndipo watu wanapoharakisha. Ukusanyaji unafanywa bamvua, maji yakishakupwa na vidimbwi vimebaki peke yake. Kwa Unguja na Dar es Salaam ni karibu na saa 4 asubuhi. Pata kwanza kibali cha afisa uvuvi na uwaone BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, wa eneo lako. Ukishakusanya, chambua hapo hapo, ndani ya saa 1, kivulini. Tumia beseni jeupe lenye maji ya kina cha sentimita 5, weka vifaranga 30 kwa mara moja, si zaidi. Nimeona watu wakimwaga mia tatu kwenye ndoo nyeusi kisha wanasema wamechambua. Huko si kuchambua. Unayemshuku mtie kwenye chupa ya kioo iliyo angavu umtazame kwa ubavu, kwa sababu kutoka juu samaki hawa wote wanafanana. Usimshike kwa mkono mkavu.

Vile vidogo kabisa vya milimita 10 hadi 17 ni vyeupe vya kuonekana ndani, macho meusi na kibofu cha hewa vinaonekana wazi. Ukikuta kitu kama utepe mwembamba, bapa, angavu, chenye mkia wa panda na kirefu kuliko vingine, hicho si mwatiko. Elops na Megalops huanza maisha yao wakiwa utepe wa namna hiyo.

Uchambuzi wa kwanza hautoshi. Vilee vifaranga kwenye kitalu cha neti hadi vifike sentimita 5, kisha chambua tena kimoja kimoja kabla ya kuvipeleka bwawani. Kitalu kimoja kisiwe na tofauti ya urefu inayozidi sentimita 1. Anayewaacha wenzake haraka kwa kimo, mshuku kwanza kabla hujamfurahia.

Piga hesabu. Bwawa la mita 20 kwa 50, ukipandikiza samaki 2 kwa kila mita ya mraba, ni vifaranga 2,000. Tuseme wala nyama 10 tu wamepita, na kila mmoja anakula vifaranga 2 kwa siku. Kwa siku 60 wamekula 1,200. Saa mbili za kuchambua zina thamani kuliko vifaranga hivyo 1,200?

Halafu usichambue kwa uangalifu wote huo kisha ukaacha mlango wa maji wazi. Maji ya bamvua yanaleta tepe za Elops na Megalops. Weka neti mbili mlangoni: ya nje ya matundu makubwa izuie takataka, ya ndani matundu yasizidi milimita 1. Isugue kabla ya kila bamvua, kwa sababu ikiziba maji yataipasua.

Ukifuata haya, utapunguza sana samaki wanaoliwa bwawani.

Na ambao tayari wana wala nyama bwawani, msisubiri mavuno. Tegeni mshipi kwa chambo cha kamba mbichi au kipande cha dagaa, alfajiri na jioni, karibu na mlango wa maji yanapoingia. Mwatiko hula mwani na hashughuliki sana na nyama. Watakaonasa ni wale mnaowatafuta. Endeleeni hadi siku 3 zipite bila ndoana kuguswa, kisha rudieni tena bamvua inayofuata.