Kuitunza thairoidi ya mwenye sistinosisi: vipimo, dawa na saa za kumeza

Sistinosisi ni ugonjwa wa kurithi unaotokana na hitilafu katika jeni ya CTNS. Sistini, aina ya asidi amino, hushindwa kutoka kwenye vifuko vidogo vilivyomo ndani ya seli, ikarundikana na kuganda kuwa fuwele. Figo huumia kwanza, mara nyingi kabla mtoto hajatimiza mwaka. Thairoidi, tezi iliyo mbele ya shingo, huharibiwa polepole kwa njia hiyohiyo. Kwa mtoto asiyetumia sisteamini, dawa inayoondoa sistini ndani ya seli, mara nyingi huanza kushindwa kazi kati ya miaka 5 na 10.

Ubaya wake ni kwamba dalili hujificha nyuma ya figo. Uchovu, kuhisi baridi, choo kigumu, ngozi kavu na kudumaa hupatikana kote kuwili, na ni rahisi kusema "ni figo tu". Basi usingoje dalili. Pima angalau mara moja kwa mwaka, hata mtoto akiwa anacheza vizuri. Pima mapema zaidi kama kimo kimesimama au kreatinini (taka ya damu inayopimwa kujua kazi ya figo) imepanda bila sababu inayojulikana, kwa kuwa upungufu wa homoni ya thairoidi peke yake unaweza kuipandisha, nayo ikashuka dawa ikianza.

Maabara, omba TSH (homoni ya ubongo inayoiamsha thairoidi) pamoja na T4 huru (homoni ya thairoidi isiyoshikwa na protini kwenye damu). T4 ya jumla haitoshi: figo zenye tatizo la Fanconi, yaani mirija yake kushindwa kurudisha vitu mwilini, humwaga protini kwenye mkojo, zikiwemo zinazobeba homoni hii, hivyo majibu yanaweza kuonekana ya chini ilhali tezi ni nzima. TSH ikiwa juu na T4 huru ikiwa chini, tezi imeshindwa. TSH ikipanda kidogo tu huku T4 huru ni ya kawaida, kipimo hurudiwa, na daktari anaweza kuanza dawa ikiwa mtoto hakui. Anayemeza biotini (vitamini B7) kwa ajili ya nywele au kucha aiache angalau siku 2 kabla ya kutolewa damu, maana huvuruga baadhi ya mashine.

Dawa ni levothairoksini, homoni ya T4 iliyotengenezwa, mara moja kwa siku. Mtu mzima ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa huhitaji takriban mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto huhitaji zaidi kwa kila kilo, na dozi yake hupangwa na daktari. Kila dozi ikibadilishwa, TSH hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8. Ukipima mapema zaidi utapata namba isiyotulia, na dozi itabadilishwa bure.

Wengi hukwama kwenye saa za kumeza, kwa sababu mgonjwa huyu ana dawa nyingi. Levothairoksini inataka tumbo tupu: dakika 30 hadi 60 kabla ya kifungua kinywa, kwa maji matupu. Kalsiamu, madini ya chuma na sevelama (dawa ya kupunguza fosfati) huinasa tumboni isiingie mwilini, kwa hiyo ziachanishe kwa saa 4. Sisteamini ya kawaida, ile ya kila baada ya saa 6, inaweza kumezwa pamoja nayo. Familia inayoamka saa sita usiku kwa ajili ya sisteamini inaweza kukubaliana na daktari levothairoksini itolewe saa hiyohiyo, mradi zimepita saa 3 tangu chakula cha mwisho. Anayelishwa kwa mpira usiku kucha hawezi kutumia njia hii, kwani tumbo lake halijawa tupu.

Kwa mtoto mdogo, saga kidonge, changanya na maji kidogo, umpe papo hapo. Usichanganye na maziwa ya soya, na usiuweke mchanganyiko huo kwa baadaye. Ukipitisha kwenye mpira, usukume kwa maji, maana dawa hubaki imeganda kwenye kuta zake.

Omeprazoli, ambayo wengi hupewa kwa sababu sisteamini huchoma tumbo, hupunguza asidi na hivyo kupunguza ufyonzwaji wa levothairoksini. Ikianzwa au ikiachwa, rudia TSH baada ya wiki 6 hadi 8. Kama homoni ya ukuaji imependekezwa, thairoidi irekebishwe kwanza, la sivyo mtoto hatarefuka inavyotarajiwa.

Na tafadhali, msiiache sisteamini baada ya kupandikizwa figo. Figo mpya haitapata sistinosisi, lakini thairoidi, macho na misuli ni vilevile vya zamani, na sistini inaendelea kurundikana humo.